Ateri iliyoungana na vena pajani: je, tundu litaziba lenyewe?

Swali: Nina umri wa miaka 34. Miaka 2 iliyopita nilichomwa kisu pajani, nikashonwa na kidonda kikapona. Sasa nikiweka kiganja juu ya kovu nasikia mtetemo usiokoma, mishipa ya mguu huo imevimba, na nikipanda ngazi naishiwa pumzi. Daktari ameniambia kwamba ateri na vena zimeungana. Je, tundu hilo litaziba lenyewe? Na jeraha la paja linahusiana vipi na pumzi?

Jibu: Ndugu msomaji, hali hiyo huitwa fistula ya ateri na vena, na haina uhusiano na fistula ya uzazi ambayo wengi huifahamu, madaktari huita fistula njia yoyote isiyo ya kawaida kati ya sehemu mbili za mwili. Kwa maelezo yako, kisu kilitoboa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha, zilizolala ubavu kwa ubavu, na matundu yake, badala ya kuziba, yakashikana.

Kwa kawaida damu ya ateri hupita kwanza katika ateri ndogo na kapilari, vimishipa vyembamba mno vinavyoupunguza msukumo wake, hata ule wa wastani wa milimita 90 hivi za zebaki ukashuka hadi takriban 10 katika vena kubwa za mtu aliyelala. Kwako sehemu ya damu imepata njia ya mkato. Mtetemo unaousikia ni damu hiyo ikipita tunduni kwa kasi, na vena zimevimba kwa kuwa kuta zake nyembamba hazikuumbwa kubeba msukumo wa ateri.

Damu hiyo hurudi moyoni bila kuilisha misuli wala ngozi, hivyo moyo, ambao kwa mtu mzima aliyetulia husukuma lita 5 hivi kwa dakika, hulazimika kuongeza kazi ili kufidia kinachopotea, na tundu kubwa la pajani linaweza kupitisha zaidi ya lita 1 kwa dakika. Figo nazo huzuia chumvi na maji kana kwamba damu imepungua, mzigo ukazidi, na baada ya miezi au miaka moyo hutanuka na kuelemewa. Ndipo pumzi inapokatika.

Matundu madogo yaliyoachwa na sindano au mrija wa kupimia moyo mara nyingi hujifunga ndani ya miezi michache, na hayo madaktari husubiri yajifunge. Lako limedumu na tayari linakupa dalili, kwa hiyo sioni la kusubiri. Omba ultrasaundi ya mishipa na ya moyo, kisha picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Tundu linaweza kuzibwa kwa stenti iliyofunikwa, yaani kijibomba cha waya chenye kitambaa, inayopitishwa ndani ya ateri, au kwa upasuaji wa kutenganisha mishipa na kuishona. Likiwa karibu na kinena, mahali panapokunjwa kila mtu anapoketi, mimi hupendelea upasuaji kwa mgonjwa wa umri wako. Likizibwa mapema, moyo uliotanuka mara nyingi hupungua tena.

Huenda ukaambiwa kwamba wagonjwa wa figo hutengenezewa fistula kama hii mkononi kwa makusudi, ili damu yao isafishwe kwa mashine. Ni kweli, lakini hiyo hupimwa na kufuatiliwa. Kwa sasa usikubali mtu yeyote akukande au atumbue uvimbe huo akidhani ni jipu. Ukishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, uvimbe ukitoa damu, au mguu ukiwa baridi na kubadilika rangi, nenda hospitali siku hiyo hiyo.