Anayeahidi ndiye anayehukumu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, waranti ya simu au kompyuta imewahi kukufaa?" Mimi haijanifaa, na sina ugomvi na simu yenyewe. Chombo huharibika. Ugomvi wangu ni juu ya nani anayeamua kimeharibikaje.

Simu yangu ilianza kugoma kuchaji waranti ikiwa haijaisha. Ukichomeka waya, alama ya umeme inatokea, mara inakata. Nikaipeleka kwenye kituo cha huduma cha kampuni, hapahapa Dar es Salaam, pamoja na risiti na boksi lake. Kijana wa kaunta akachomoa trei ya laini, akamulika tochi kwenye kile kitundu, akasema, "Mama, simu imeingia maji. Hapo waranti haihusiki." Ndani mle kuna kikaratasi cheupe kinachogeuka chekundu kikiguswa na maji, na changu kilikuwa na wekundu pembeni. Nikamweleza kwamba simu haijatumbukia popote. Akanigeuzia kompyuta nione bei ya matengenezo. Kuifungua, hakuifungua.

Sasa simu hiyohiyo boksi lake limeandikwa IP68, alama ya kuhimili vumbi na maji, na siku ya kuinunua muuzaji aliniimbia kwamba maji kwake si kitu. Ni kweli vipimo hivyo vipo, ila hufanyika maabara, kwa simu mpya, katika maji yasiyo na chumvi yaliyotulia. IP67, kwa mfano, daraja la chini ya IP68, ni kina cha mita moja kwa dakika 30. Maji ya bahari, sabuni na mvuke wa jikoni havimo. Kwa hiyo bango la dukani linakwambia usiogope maji, halafu karatasi ya waranti, kwa maandishi ya kusomea miwani, inakwambia maji yakionekana tumeachana.

Wenzetu wamelishikia bango jambo hili. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10, ikitaja matangazo ya iPhone kuhimili maji na kitendo cha kukataa waranti kwa simu zilizoingia maji. Mwaka 2022 mahakama ya Australia ikaipiga Samsung faini ya dola milioni 14 za huko kwa matangazo ya Galaxy kwenye mabwawa na baharini. Kampuni ilikiri kwamba simu ikichajiwa kabla haijakauka, sehemu ya kuchajia ingeweza kuliwa na kutu. Hiyohiyo sehemu ya kuchajia!

Lakini faini huenda serikalini, mwenye simu anabaki na simu yake. Kinachonivutia zaidi ni kanuni ya Umoja wa Ulaya: hitilafu ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza, huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kuuziwa, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Mimi pale kaunta nilitakiwa nithibitishe kwamba sijaimwagia simu maji. Mtu anathibitishaje jambo ambalo halikutokea? Hapa kwetu tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani, na sheria hiyo inakataza kumpotosha mlaji. Ila niambieni nani atafunga genge lake akafungue malalamiko kwa ajili ya simu moja. Kampuni zinalijua hilo. Ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere, na ngedere mwenyewe anajua huna pa kukata rufaa.

Fundi wa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, aliifungua mbele ya macho yangu na kunionyesha kwenye lenzi: lehemu imeachia kwenye mguu mmoja wa sehemu ya kuchajia, na kutu hamna. Akagusa, ikakaa. Inachaji mpaka leo. Bila shaka kwa kampuni hilo sasa ni kosa la pili, simu kufunguliwa na fundi wa nje.

Sidai simu mpya wala fidia. Nataka kituo kikikataa kutengeneza, kwanza kifungue simu mwenye mali akiwepo, kipige picha kilichoonekana, na kimpe karatasi yenye sababu, jina la aliyekagua na mhuri, ambayo anaweza kwenda nayo kwa fundi mwingine au Tume. Niliiomba karatasi hiyo. Nikaambiwa mfumo hauna sehemu ya kuichapisha.