Acha kwanza hela ya studio, nenda mazoezini

Mkuu simama hapo hapo. Yani umepata kundi la dansi hapa Dodoma, shoo mwezi ujao, na wiki hii unaingia studio kurekodi ilimba (ile marimba ya Kigogo ya kupiga kwa vidole gumba) na muheme (ngoma ya kina mama wa Kigogo), upige efekti, umalize muziki wote ndo uwapelekee wajifunze kuucheza? Usithubutu. Mi nilipita humo humo nikatoka na deni.

Kuna jamaa mjuaji aliniambia we tunga kivyako tu, mbona kule Marekani John Cage mtunzi wa muziki na Merce Cunningham mtunzi wa dansi, kila mtu alikuwa anatengeneza kwake wanakutana jukwaani. Nikajiona nshakuwa Cage wa Chamwino. Asichosema (au hakujua, mana nahisi alisoma jalada tu) ni kwamba wale walikuwa pamoja tangu miaka ya 1940 mpaka Cage anafariki 1992, urefu wa kipande walipatana kabla, na wachezaji walizoeshwa kutotegemea muziki. Wa kwangu wamekulia kwenye muheme, mama mwenye ngoma mapajani ndo anawaambia sasa geukeni, halafu nawaletea zeze nimelinyoosha kwenye kompyuta hadi halina mwanzo wala mwisho, waingilie wapi sasa? Walisimama wananiangalia kama abiria wanaosubiri konda arudishe chenji. Na ile besi niliyoijenga usiku kucha kwenye hedifoni, spika za ukumbi hazikuitoa kabisa, ukabaki mkwaruzo. Kiongozi wao akazima, akaita mama mmoja na ngoma yake, shoo ikaenda na makofi wakapigiwa. Hela ya wapigaji, studio, nauli, vyote juu yangu. Jina langu lilibaki kwenye bango, nashukuru walikosea herufi.

Unasema unataka kitu kama Assembly, ile ya 2002 ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, na Michael Brook, prodyuza na mpiga gitaa wa Kanada. Sawa, ila ile ni albamu ya kusikiliza, we unatungia miguu ya watu. Kompyuta ifunge. Kaa mazoezini, rekodi kwa simu tu, njuga, vishindo, pumzi zao, jua wanageuka wapi na nani anawapa ishara, ndo urudi nyumbani kutunga. Hata mkitaka muziki na dansi visifuatane, patananeni hilo mkiwa chumba kimoja. Na saundi uijaribu kwenye spika za ukumbi ule ule, sio za gheto.

Hata siku ukipewa kazi ya saundi ya filamu ni hivyo hivyo, subiri kwanza wamalize kuhariri picha. Maiki usinunue sasa hivi, hiyo hela ni nauli ya mazoezini.

Wanafanyia wapi mazoezi? Kama ni huku Chamwino nchek PM, twende wote kesho.