Mmeuliza, Tunajibu: Mashine ya Gesi Ndani ya Ukumbi

SWALI: Tunafanya usafi wa majengo hapa Mtwara, na tuna mashine ya kung'arishia terazo inayotumia mtungi wa gesi. Kazi za ukumbini huwa za usiku. Tunafunga milango kwa kuogopa wezi, tunawasha kiyoyozi. Vijana wanalalamika kichwa na kichefuchefu. Mmoja alikwenda kupima malaria, hana. Tuliambiwa gesi haina moshi kama petroli. Tatizo ni nini? — Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Tafadhali msiiwashe tena ndani mpaka moshi wake upimwe. Watu kadhaa kuumwa kichwa pamoja, kwenye kazi moja, na kupata nafuu wakitoka nje, hizo ni dalili za kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moshi wa injini. Haina rangi wala harufu. Ile harufu kali mnayoijua ya gesi huongezwa kiwandani ili uvujaji wa mtungi ujulikane. Ikishaungua kwenye injini, harufu hiyo hupotea, na sumu inatoka kimya kimya.

Ni kweli gesi huungua vizuri kuliko petroli, lakini pale tu inapopata hewa ya kutosha. Filta ya hewa ikijaa vumbi la terazo, au regyuleta (kifaa kinachopunguza presha ya gesi kutoka mtungini) ikiachia gesi nyingi, injini hukosa hewa na sumu hupanda mara nyingi zaidi. Mashine nyingine zina katalisti, kifaa cha kupunguza sumu, ndani ya ekzosi (bomba la moshi), nayo hufanya kazi ikishapata moto tu. Kwa hiyo iwasheni nje, ingojeni ipate moto, ndipo muiingize. Na msizime na kuwasha kila mara.

Fanyeni hesabu. Tuseme ukumbi una mita 20 kwa 15, na kimo cha mita 4: mita za ujazo 1,200. Ekzosi ikitoa mita za ujazo 30 za moshi kwa saa, na asilimia 1 ya moshi huo ni kaboni monoksaidi, hizo ni lita 300 za sumu. Milango ikiwa imefungwa, baada ya saa moja hewa yote ya ukumbi ina sehemu 250 kwa milioni (kipimo huandika ppm). Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayochunguza usalama na afya kazini, inapendekeza wastani wa zamu usizidi 35, na isipite 200 hata kwa dakika moja. Injini iliyoharibika ikitoa asilimia 5, saa hiyohiyo mnafika 1,250, na 1,200 tayari ni kiwango cha hatari ya papo hapo kwa uhai.

Ili ukumbi huo ubaki 35 kwa injini ya asilimia 1, zinatakiwa karibu mita za ujazo 8,600 za hewa safi kila saa, yaani hewa yote ibadilishwe mara saba. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hata moja kati ya hizo. Kinapoza hewa ileile na kuirudisha. Pangaboi nalo linakoroga tu. Mnahitaji feni za kutoa hewa nje, mfano tatu za mita za ujazo 3,000 kwa saa kila moja, na upande wa pili milango iwe wazi kabisa. Fuateni upepo: wakati wa kusi, hewa iingie kwa milango ya kusini na mashariki, feni zitoe upande wa pili, kaskazi ikianza, geuzeni. Feni inayopigana na upepo hutoa kidogo sana. Na msiweke feni karibu na mlango wa kuingizia hewa, maana itavuta hewa ya mlangoni na kuiacha sumu ikizunguka kwenye kona ya ndani. Wezi? Wekeni mlinzi mlangoni, ni rahisi kuliko kumzika kijana.

Injini nayo isisahauliwe: filta isafishwe kila siku ya vumbi, plagi na oili zibadilishwe kwa saa za kitabu cha mashine, na fundi mwenye kipimo cha ekzosi arekebishe mchanganyiko. Kusikiliza mlio hakutoshi. Injini yenye sumu nyingi inaweza kunguruma vizuri tu.

Mtu akizidiwa, mtoeni nje kwanza, piga 112, au mkimbizeni hospitali ya Ligula. Mwambieni daktari neno "kaboni monoksaidi", kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida huku damu imejaa sumu. Akipumua hewa ya kawaida, nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu au chini.

SWALI: Nasi tunatumia mashine ya gesi, ghala letu lipo Lindi. Kengele ya moshi ya nyumbani inatosha? — Msomaji, Lindi

JIBU: Hapana. Kengele ya moshi haiioni kaboni monoksaidi kabisa. Ile ya kaboni monoksaidi ya nyumbani nayo inachelewa: kwa kiwango cha Ulaya, kwenye 50 ppm hulia baada ya dakika 60 hadi 90. Nunueni kipimo cha kubana kifuani, kinachoonyesha namba palepale, avae anayeendesha mashine. Wekeni mlio wa kwanza 35: mashine izimwe, milango ifunguliwe. Wa pili 200: wote watoke.

SWALI: Mtungi wa gesi wa jikoni unafaa kwa mashine hiyo? — Msomaji huyohuyo

JIBU: Usiufunge kwenye mashine. Gesi ya jikoni kwa kawaida ni mchanganyiko wa propani na butani. Ujazo mmoja wa propani unahitaji hewa mara 24 hivi, butani mara 31. Injini iliyopangiwa propani itakosa hewa na kutoa sumu zaidi. Tumieni mtungi ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine, usijazwe kupita asilimia 80, ukae kwa mkao unaoelezwa humo tu, maana gesi ikiingia kwenye regyuleta ikiwa bado kimiminika huigandisha. Kazi ikiisha, mtungi ukae nje, umesimama, mbali na mitaro, kwa kuwa gesi inayovuja ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini.