Muuaji akijiua, uchunguzi hauishii hapo

Faili halifungwi eti kwa sababu mume aliyemuua mkewe naye kajiua. Kwa England na Wales, kinachokufa ni kesi ya jinai tu, maana maiti haishtakiwi. Mchunguzi wa vifo (coroner) anaendelea na vifo vyote viwili: marehemu ni nani, kafa lini, wapi na vipi. Sheria ya wachunguzi wa vifo ya 2009, kifungu cha 10, inamkataza kumtaja mtu kwa jina kuwa ana hatia ya jinai, ndiyo maana utasikia "ameuawa kinyume cha sheria" bila "na fulani", hata kama mtaa mzima unajua. Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2020, ili atamke hivyo inatosha ionekane kuna uwezekano zaidi kuwa ndivyo ilivyokuwa kuliko sivyo.

Uzito wenyewe, kwangu, uko kwenye ripoti ya kuzuia vifo vingine, anayoiandika mchunguzi huyo. Kama mke alipiga simu polisi mara tatu na hakuna aliyefika, humo ndimo linamoandikwa, na walioandikiwa wana siku 56 za kujibu. Kuwalazimisha watekeleze, hapo mchunguzi hana meno.

Scotland ni habari nyingine, wana utaratibu wao.