Maswali ya Wasomaji: Taima ya Bustani na Tangi Linalokauka

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepanda nyasi za kikuyu nyumbani kwangu, eneo la mita 200 za mraba, na fundi akanifungia vinyunyizio visivyozunguka katika kanda mbili. Taima aliiweka ifungue maji kila jioni, dakika 20 kwa kila ukanda. Maji hutiririka hadi langoni, tangi langu la lita 10,000 hukauka kabla siku ya mgao haijafika, na nyasi zinazidi kuwa manjano. Niipange vipi ratiba?
Msomaji, Utawala, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, fundi wako alipanga ratiba kwa kutazama saa, ilhali ilipasa aanze na udongo. Utawala, kama sehemu kubwa ya Embakasi, ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishalowa na kufura hunywa maji polepole mno, takriban milimita 5 kwa saa au hata pungufu. Vinyunyizio vya aina yako kwa kawaida hutoa kama milimita 40 kwa saa. Kinachozidi uwezo wa udongo ndicho unachokiona langoni. Manjano nayo huenda yakawa dalili ya mizizi kukosa hewa katika udongo usiopata nafasi ya kukauka, wala si kiu.

Usiyachukue makisio yangu kama yalivyo. Panga makopo kadhaa yenye kuta zilizonyooka huku na kule kwenye ukanda mmoja, fungua maji kwa dakika 10, pima kina kwa rula, kisha zidisha wastani wake kwa sita upate kiwango cha saa nzima. Kopo moja likijaa huku jingine likiwa karibu tupu, rekebisha vichwa vya vinyunyizio kwanza, kwa kuwa hakuna ratiba itakayoponya kasoro hiyo. Kumbuka pia kwamba milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa kiwango cha milimita 40, dakika zako 20 humwaga karibu lita 2,700 kila jioni, na kwa mwendo huo tangi halimalizi siku ya nne.

Katika ukame wa Januari na Februari, ningekushauri umwagilie mara mbili kwa wiki, milimita 10 kila mara, yaani lita 2,000 kwa zamu na 4,000 kwa wiki. Nyasi zingependa zaidi ya hapo, lakini nyasi za kikuyu ni sugu, na maji ya jikoni yana haki ya kwanza. Kwa kiwango hicho cha milimita 40, milimita hizo 10 ni dakika 15 kwa kila ukanda, ambazo hutazitoa kwa mkupuo: weka dakika 5 saa kumi alfajiri, 5 saa kumi na moja, na 5 saa kumi na mbili, ukanda wa pili ukifuata mara tu wa kwanza unapofunga, ili udongo upate muda wa kunywa kati ya awamu. Alfajiri upepo huwa mdogo na jua halijaanza kuyapokonya maji, ilhali nyasi zinazolala zimelowa usiku kucha hualika magonjwa ya ukungu. Zamu moja iangukie alfajiri ya siku ya mgao, tangi lijazwe upya siku hiyohiyo.

Mwezi Julai, wingu linapotanda mchana kutwa, zamu moja kwa wiki inatosha. Mvua za masika za Machi hadi Mei na zile za vuli za Oktoba hadi Desemba zikishika vizuri, zima taima kabisa. Kukiwa na shaka, chomeka bisibisi ndefu ardhini: ikizama sentimita 15 bila kulazimishwa, acha zamu ipite. Lakini usingoje hadi udongo upasuke, kwa sababu maji yatapotelea kwenye nyufa kabla mizizi haijayafikia.

Mwisho, kagua betri ya akiba ya taima. Zipo taima ambazo stima ikipotea husahau kila kitu na kurudia mpangilio wa kiwandani, ambao mara nyingi ni kumwagilia kila siku, na kwa jinsi stima inavyokatika mitaani kwetu, betri hiyo isipofanya kazi utajikuta ulipoanzia.