Bei zinazopita na kujisasisha kwenye tovuti: je, niziondoe kabisa?

SWALI: Ninasimamia tovuti ya chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa hapa Mbale. Juu kuna utepe wa habari unaopita bila kukoma, chini yake picha zenye maelezo zinazopokezana kila baada ya sekunde nne, kisha jedwali la bei linalojisasisha kila nusu dakika. Mwanachama wetu asiyeona analalamika kwamba simu yake haimalizi kumsomea habari yoyote kabla bei hazijamkatiza. Je, niondoe kila kinachosogea?

JIBU: Ndugu msomaji, si lazima uondoe vyote, ila ni lazima umkabidhi msomaji uwezo wa kuvisimamisha. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaohusu kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, katika kigezo cha 2.2.2 ambacho ni cha ngazi ya chini kabisa, yaani ya msingi, unasema kwamba kitu kinachoanza kusogea chenyewe, kikaendelea kwa zaidi ya sekunde 5 sambamba na maudhui mengine, sharti kiwe na njia ya kukisimamisha au kukificha. Kwa maudhui yanayojisasisha hakuna hata msamaha huo wa sekunde 5, ingawa unaruhusiwa kumwachia msomaji achague yajisasishe mara ngapi.

Nianze na jedwali, kwa maana ndilo linalomtesa mwanachama wenu. Nadhani kwenye msimbo wake limewekewa sifa ya aria-live="assertive" au role="alert", na zote mbili huiamuru programu ya kusoma skrini iache inachosoma na kutangaza badiliko papo hapo. Amri hiyo ni ya dharura, na bei ya kahawa si dharura. Tumia aria-live="polite", ambayo husubiri programu hiyo imalize sentensi inayosoma, na uiweke kwenye mstari mmoja mfupi nje ya jedwali, ili jedwali lenyewe libaki kimya. Mstari huo uwepo kwenye ukurasa tangu unapofunguka, hata ukiwa mtupu, kwa sababu ukiingizwa pamoja na maneno yake mara nyingi hausomwi. Ongeza aria-atomic="true" ili isomwe sentensi nzima, maana tarakimu peke yake haimwambii mtu ni bei ya kahawa gani. Tangaza pale tu bei inapobadilika kweli. Kama mnapakia upya ukurasa mzima ili kupata bei mpya, acheni mara moja: asiyeona hurudishwa mwanzo kila mara, na kila mwanachama analipia data bure.

Kuhusu picha, watengenezaji wengi huridhika zikisimama pale kishale cha kipanya kinapopita juu yake. Hilo halitoshi, kwani kwenye simu hakuna kishale, na mtu akihamia sehemu nyingine ya ukurasa picha huanza tena kumvuruga. Weka kitufe halisi cha kusimamisha, kiwe na jina linalosomeka, kifikiwe kwa kibodi kabla ya picha zenyewe, na kikishabonyezwa picha zibaki zimesimama mpaka msomaji mwenyewe aziruhusu. Sekunde nne, kwa kweli, ni chache hata kwa anayeona vizuri lakini husoma polepole, au ambaye umakini wake huvutwa na kila kinachosogea.

Utepe ningeuondoa. Ikiwa umetengenezwa kwa marquee, elementi hiyo imekwisha kupitwa na wakati katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, na habari tatu zilizoandikwa zikatulia husomwa na watu wengi zaidi. Pia heshimu mpangilio wa prefers-reduced-motion, ambao hukujulisha kwamba mtu amezima miondoko kwenye kifaa chake, pengine kwa sababu humletea kizunguzungu. Kitu chochote kisimetemete zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwani kinaweza kuamsha kifafa.

Kamati ikiuliza kwa nini mgharimie kazi hii, waeleze kwamba Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Kabla ya kuzindua marekebisho, washa TalkBack, programu ya kusoma skrini, kwenye simu ya Android, kisha mwombe mwanachama huyo asome ukurasa mzima mwenyewe, bila wewe kumwelekeza.