Kifungu cha Bajeti cha Gazeti na Balbu: Ushauri kwa Wanaokabidhiwa Maktaba na Utamaduni Katika Halmashauri

Kwa miaka mingi nilikuwa mtumishi wa halmashauri moja ya Nyanda za Juu Kusini, kwanza nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha ofisa utamaduni ambaye, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kupewa, alikabidhiwa pia funguo za maktaba. Halmashauri hiyo sitaitaja, kwa sababu mengi ya makosa nitakayoyaeleza yalikuwa yangu, na yaliyobaki yalifanywa na watu ambao sasa wamestaafu kama mimi. Ninawaandikia vijana wanaopokea funguo za namna hiyo leo, pamoja na madiwani wanaopenda kusema kwamba vijana hawasomi.

Nilipoomba fedha kwa mara ya kwanza, mchumi wa halmashauri aliniuliza kwa upole kabisa: "Maktaba si iko chini ya Bodi?" Sikuwa na jibu, na maktaba yetu ikamaliza mwaka mzima bila senti moja. Jibu nililopaswa kuwa nalo ni kwamba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 1975, ndiyo inayoendesha Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967, pamoja na maktaba za mikoa kama za Mbeya na Iringa. Lakini maktaba ambayo halmashauri imeijenga yenyewe, wataalamu wa Bodi wataishauri, ila umeme wake, mlinzi wake na paa lake linalovuja vitabaki mikononi mwa halmashauri. Mtumishi asiyeweza kulieleza hilo kwa dakika mbili mbele ya kamati ya fedha atarudishwa kila mwaka na swali lile lile.

Jambo la pili nililochelewa kulijua ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na kwa hiyo wengi hukimbilia ofisi ya mipango mwezi wa Mei au Juni wakiwa na barua nzuri mkononi, wakati makadirio yamekwisha kupitishwa na baraza la madiwani miezi kadhaa nyuma. Kazi inatakiwa kuanza mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, na inaanzia kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi 3. Mwalimu mkuu au mzazi akisimama pale na kusema kwamba watoto wa kidato cha nne hawana mahali penye taa pa kujisomea, na maneno hayo yakaandikwa katika muhtasari, yakapanda hadi kamati ya maendeleo ya kata, basi ombi lako likifika halmashauri linakuwa limekwisha kuwa ombi la wananchi. Mimi nilijifunza kwenda kwenye mikutano hiyo na kukaa nyuma kimya. Ofisa akisema mwenyewe, watu husikia ofisa anaomba fedha.

Halafu uandike kwa majina ya vitu. Miaka ya mwanzo niliandika "uboreshaji wa huduma za maktaba", na kifungu hicho kilikuwa cha kwanza kukatwa kila fedha zilipopungua, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyeweza kusema ni kitu gani hasa kingekosekana. Mwaka nilioandika gazeti moja la kila siku, balbu 20, viti 12 na posho ya mlinzi wa jioni, diwani mmoja aliangalia orodha, akacheka, akasema hawezi kurudi katani kwake kueleza kwamba halmashauri imeshindwa kununua balbu. Tulipata balbu. Gazeti lilikatwa baada ya robo ya kwanza, nikapigana hadi likarudi, maana wazee wanaokuja kusoma gazeti asubuhi ndio wanaoitetea maktaba barazani kwao jioni.

Kuhusu saa za kufungua, nitasema wazi kwamba maktaba nyingi za halmashauri zinafunguliwa kwa ajili ya mtumishi kuliko msomaji. Yetu ilifunguliwa saa 1:30 asubuhi, watoto wakiwa darasani, na kufungwa saa 9:30 alasiri, wakiwa ndiyo kwanza wanatoka. Nilipolipitia daftari la wageni kwa makini niliona kwamba wengi wa waliokuja hawakuazima kitabu chochote. Walikuja na madaftari yao wenyewe wakitafuta kiti, meza na utulivu ambao nyumbani haupo. Nilipanga zamu ili tufungue saa 4 asubuhi na kufunga saa 1 usiku, na Jumamosi tuwe wazi hadi mchana. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya kwetu inapouma, chumba kilichofungwa madirisha na kujaa watu ni cha joto kuliko nyumba nyingi, na ninaamini wapo walioanza kusoma kwa sababu hiyo tu. Sioni ubaya.

Vitabu vya msaada ni jambo linalohitaji moyo mgumu. Siku moja tuliletewa shehena ya maboksi kutoka ng'ambo kwa sherehe, hotuba na picha, na tulipoyafungua tulikuta miongozo ya programu za kompyuta zilizokwisha kusahaulika, vitabu vya sheria za kodi za nchi nyingine, na vya watoto vinavyoeleza namna ya kucheza kwenye theluji. Vilikaa rafuni miaka 4 kwa sababu hakuna aliyethubutu kuviondoa. Andika waraka wa ukurasa mmoja unaosema maktaba inapokea vitabu vya aina gani, upitishwe na kamati husika, kisha umwoneshe mfadhili kabla hajapakia chochote. Mfadhili mwema hatachukia, na wengine wataona afadhali kukupa fedha ununue vitabu vya Kiswahili na vya mitaala yetu.

Katika kuitangaza huduma, niligundua kwamba bango la barabarani lilikuwa na faida ndogo kuliko tangazo la dakika moja kanisani au msikitini, na kwamba ujumbe kwenye kundi la simu la walimu wakuu ulileta watoto wengi zaidi kuliko redio. Hata hivyo, lililotufaa kuliko yote ni Nanenane, maonesho ya wakulima. Kila Agosti halmashauri zetu hupeleka mabanda katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, na kwa kawaida yamejaa mahindi makubwa na wataalamu waliochoka. Mwaka mmoja niliomba meza moja tu pembeni. Niliweka vijitabu vya kilimo cha viazi mviringo, vingine vya kituo cha utafiti cha Uyole, pamoja na fomu za kujiunga na maktaba. Wakulima ambao hawakuwahi kufikiri kwamba maktaba inawahusu walisimama kuulizia ugonjwa wa majani ya viazi vyao. Ukitaka mkulima aione maktaba kuwa ni yake, anza na shamba lake.

Makumbusho na mambo ya kale yana ugumu wa aina nyingine, kwa sababu maeneo makubwa si mali ya halmashauri. Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 kwa mkono wa Gavana Twining, pamoja na Isimila yenye zana za mawe, na Kimondo cha Mbozi ambacho watu wa Mbeya bado wanakiita chao ingawa Songwe imekuwa mkoa wake tangu 2016, yote hayo yana wasimamizi katika ngazi ya taifa. Maofisa wengi hulifanya hilo kuwa sababu ya kukaa kimya. Lakini choo safi cha njiani, kibao kinachoonekana barabarani na ratiba ya ziara za shule za msingi ni mambo ambayo halmashauri inaweza kuyashughulikia bila kumsubiri mtu. Kutoka Iringa mjini, mwalimu anaweza kuwapeleka watoto kwenye makumbusho ya Boma asubuhi, Isimila iliyo kama kilomita 20 kwenye barabara ya Mbeya mchana, na kuwarudisha kabla ya jua kuzama. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika barua na kutafuta gari.

Sisi tulitenga kona ya ukumbi wa maktaba kwa vitu vya asili vilivyotolewa na wananchi, na hapo nilifanya kosa ninalolikumbuka kuliko yote. Juu ya kikapu kizuri cha milulu, nyasi za kusukia, nilibandika karatasi iliyoandikwa "Kikapu cha asili". Siku ya gulio akaingia bibi mmoja, akatusalimu "Kamwene", akasimama muda mrefu mbele ya kikapu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, na wewe nikikuandika 'Mtu wa asili' utafurahi?" Akaketi akatueleza milulu inakatwa wapi mabondeni, inakaushwaje, kikapu cha ukubwa ule kilibebwa na nani na kwa shughuli gani. Tuliandika karatasi upya kwa maneno yake. Siku ya gulio lililofuata alirudi na wajukuu wawili, akawaamuru wamsomee kwa sauti huku akisikiliza kama kuna neno tulilokosea. Lilikuwapo moja, nikalisahihisha kwa kalamu pale pale, mbele yake.